Mpishi Aliyeuliza Rangi ya Moto

Mzee aliyekuwa akitupimia kinywaji kwa macho alikuwa haoni. Nilijua hivyo Jumatatu moja asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya macho kule Mvumi, nikiwa nimemshika dada yangu mkono. Kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimempelekea mzee huyo wageni kwa misimu mingi, watu wazima wenye akili zao, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Nayaandika haya kwa mpangilio kwa sababu nikiyaacha yakae kichwani yanajipanga yenyewe, na yakijipanga yenyewe yanatisha zaidi.

Tulimwita Mpishi. Jina analo, wajukuu zake wanalijua, lakini kwenye zile safari zetu za Jumamosi hakuna aliyelihitaji. Huku kwetu pombe kali hupikwa, na yeye alikuwa ameipika kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye Makutupora. Alichopika ni mkali wa zabibu. Zabibu zikishakamuliwa kwa ajili ya mvinyo hubaki makapi, yaani maganda, mbegu na vikonyo. Wengine huwatupia mbuzi. Mpishi aliyachachusha kwenye mapipa, akayachemsha katika chungu cha shaba chenye shingo ndefu, na mvuke ukapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya pipa la maji baridi. Upande wa pili mkali ulitoka tone kwa tone, mwangavu kabisa, ukinukia zabibu iliyopitiwa na moto.

Kibali chake kilining'inia ukutani ndani ya karatasi ya nailoni, mahali ambapo askari akiingia atakiona kabla hajakaa. Ukitamka neno gongo mbele yake ulikuwa umeharibu siku.

"Gongo inapikwa na mtu anayekimbia," alisema. "Mimi umenikuta nimekaa."

Nilimfahamu nikiwa bado redioni. Nilikwenda kurekodi kipindi kuhusu wakulima wa zabibu, nikaonyeshwa nyumba yake mwishoni mwa barabara ya vumbi, nikakaa kutwa. Baadaye niliacha redio nikaingia kazi ya ofisi serikalini, lakini kila msimu wa mavuno nikawa nakusanya wenzangu, wengi wao wamehamia kutoka Dar na hawaujui mji huu zaidi ya upepo wake, tunakodi Noah, tunapita Msalato, tunafika kwake saa za asubuhi na kurudi jua likianza kushuka. Kazi nilibadilisha, yeye hakubadilisha. Aliendelea kuniita Mwandishi.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona kwa Mpishi ni hofu. Wageni walikuja wakitarajia mzee mchangamfu wa kuwajazia glasi, wakakuta mtu anayewauliza kama wana presha, kama wananyonyesha, kama kuna dawa wamemeza. Aliwalazimisha kula kwanza. Mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, alileta ugali wa uwele na mlenda, na Mpishi alisikiliza kama vijiko vinagonga sahani. Asiyekula hakunywa. Kaka mmoja wa ofisini kwetu aliwahi kusema yeye mlenda unamshinda, akajibiwa, "Basi na mimi utanishinda. Kaa pale kivulini uwasubiri wenzako." Akakaa kweli, na soda yake.

Aliyaogopa maji ya kwanza. Ndivyo alivyoyaita yale yanayotangulia kutoka kwenye bomba chungu kinapopata moto, yenye harufu ya kuchoma pua. Hayo aliyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba na kulifunika kwa udongo, kisha akaweka miiba juu yake ili hata kuku wasiparue. Aliyaogopa madumu. Mtu akija na dumu lake kununua, swali lilikuwa moja: "Lilikuwa na nini hili?" Jibu likisitasita, dumu linarudi njiani. Kuna mfanyabiashara alifika siku tukiwepo, akataka kiasi kikubwa, na katika maongezi akateleza kusema atakiongezea kitu fulani ili kiongezeke nguvu. Mpishi hakupaza sauti. Aliomba fagio. Yule bwana alidhani mzee anataka kufagia, hadi fagio lilipompata begani.

Sababu ya hofu hiyo alinieleza mara moja tu, na alinitaka nizime kinasa sauti. Alisema akiwa kijana kulikuwa na msiba kijiji cha jirani, na pombe ya matanga ilikuwa imechanganywa na kitu ambacho hakuna aliyekijua. Watu walikunywa, wakalala vizuri. Asubuhi baadhi yao waliamka wakauliza mbona hapajakucha. Jua lilikuwa limeshatoka.

"Walikuwa wameketi uani," alisema, "wanaota jua, wanauliza litatoka saa ngapi."

Sijawahi kuisimulia habari hiyo kwa wageni. Niliogopa ingewaharibia safari.

Kutokana na msiba ule Mpishi alijitengenezea taratibu zake za kupima, na taratibu hizo ndizo tulizokuwa tukizipenda. Chumba cha mtambo hakikuwa na dirisha. Tulipokwisha kula alituingiza humo, akafunga mlango, akamimina mkali kidogo kwenye kijiko cha bati na kukiwasha kwa kiberiti. Akisha kuwasha alisema: "Njooni mmoja mmoja. Msiniambie mnachofikiri. Niambieni mnachokiona." Kila mmoja aliinama na kumnong'oneza sikioni rangi ya moto. Kunong'ona ilikuwa lazima. Hakutaka wa pili amsikie wa kwanza. Sisi tumelelewa madarasani kuitikia kwa pamoja. Mwalimu akiuliza, darasa zima linajibu, na aliyeona tofauti anamezwa na sauti za wengine. Mpishi alilijua hilo. Moto wa bluu aliukubali. Moto wenye njano au wekundu ulimfanya amwage chombo chote.

Niliwahi kuliona hilo likitokea. Mama mmoja wa wizarani, mpenda utani, alimnong'oneza kwamba anaona njano. Mpishi alikizima kijiko. Alibeba ndoo nzima, akatoka nayo nje, akaimwaga kwenye lile shimo, akarudi na ndoo tupu. Ndani ya gari yule mama alikuwa anakaribia kulia.

"Nilimtania tu jamani! Ilikuwa bluu, bluu kabisa. Nilitaka nione atafanyaje."

Safari iliyofuata nilimwambia Mpishi ukweli huo, nikidhani atacheka.

"Mwambie asirudi," akasema.

Baada ya moto ilikuja zamu yake mwenyewe. Alikunywa yeye kwanza, glasi nzima ndogo, mbele yetu, kisha akakaa kwenye kigoda na sisi tukasubiri. Alitupigia hadithi za zabibu nyeupe na nyekundu, za ukungu unaokula majani, za vibarua wanaokuja msimu wa kuvuna na kuondoka na wake za watu. Kwenye kusubiri huko alichangamka, na yeyote aliyemkuta katika saa hiyo angeapa kwamba ni mtu asiye na wasiwasi duniani. Mwisho Bibi alileta sindano na uzi. Mpishi alivishika, akainamisha kichwa, akakaa kimya huku vidole vikifanya kazi, halafu akainua mkono juu na sindano ikining'inia kwenye uzi. Sisi tukapiga makofi. Hapo ndipo glasi zilipogawiwa.

Siku za mwanzo nilimuuliza kwa nini sindano. Akasema mtu anaweza kujidanganya kwamba anaona mlima, lakini hawezi kujidanganya kwamba anaona tundu la sindano.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na mimi niliyapenda kwa sababu ndiyo yanayofanya kipindi cha redio kisikilizwe. Aliimba besi kwenye kwaya, na Jumapili hakuna aliyeruhusiwa kutaja mkali nyumbani kwake. Lakini mchungaji alikuwa akipita katikati ya juma kuchukua chupa ya kuchua mgongo, na kwa hesabu ya Bibi mgongo ule ulikuwa mrefu kuliko reli. Alikuwa bahili wa maneno kwa watu wakubwa na mzungumzaji kwa mbuzi. Alihofia kila tone lililotoka kwenye bomba lake, na papo hapo alikuwa wa kwanza kulimeza. Nilipomwambia kwamba hapo sielewi, alinijibu kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto.

"Sasa nimpe nani, Mwandishi? Nimpe mgeni?"

Yapo mengine niliyoyaona bila kuyaona. Kulikuwa na waya uliofungwa kuanzia mlango wa nyumba hadi chumba cha mtambo, usawa wa kiuno. Mimi niliuchukulia kuwa wa kuanikia nguo, ingawa sikuwahi kuona nguo juu yake. Alipomimina alitumbukiza ncha ya kidole kwenye ukingo wa glasi. Alikuwa mkali kwa mgeni anayehamisha kigoda. Hakuwahi kunisalimu kabla sijamwamkia. Nikisema shikamoo ndipo uso wake unageuka na kuitikia, "Marahaba, Mwandishi," kwa furaha ya mtu aliyeniona tangu getini. Mimi ni mtu niliyelipwa kwa miaka kuangalia watu. Yote haya niliyaeleza kwa wageni kama vituko vya mzee.

Safari ya mwisho nilimchukua na dada yangu.

Dada ana duka la kushona kule Kongwa. Anashona sare za shule, madera na suti za harusi, na bado anamalizia mikunjo kwa mkono kwa sababu anasema cherehani haina adabu. Ni mtu wa sauti. Akiingia mahali watu wanajua kumeingia mtu. Alikuja kunitembelea mwezi wa Agosti, ule upepo wa baridi na vumbi ukiwa umekolea, na nikamwambia Jumamosi nitampeleka akaonje kitu ambacho Kongwa hakipo.

"Mradi kisinitoe wigi," akasema.

Mpishi alikuwa na mafua siku hiyo. Nusu ya mji ilikuwa na mafua. Alikuwa na kitambaa mkononi na kila baada ya muda alipenga. Kabla ya kutuingiza ndani aliinusa chupa, akapenga, akainusa tena, na akakaa nayo puani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nakumbuka kwa sababu Bibi alimwambia, "Wageni wanasubiri," naye akasema, "Waache wasubiri."

Tukaingia. Akafunga mlango, akawasha kijiko. Kabla hajamaliza kusema tumfuate mmoja mmoja, dada yangu akapaza sauti gizani.

"Bluu, babu! Bluu kama kanga ya mama mkwe!"

Watu wakaangua kicheko. Na wenzangu, wote, wakiwa bado wanacheka, wakaitikia kwa pamoja kama darasa la tatu: "Bluuuu!"

Mpishi alisimama na kile kijiko kikiwaka mkononi hadi kikazima chenyewe. Niliona mdomo wake ukitaka kusema kitu. Alikuwa na nafasi ya kuwasha cha pili na kutuita mmoja mmoja, na hakuwasha. Akasema taratibu, "Haya. Nimesikia." Akanywa yake. Tukasubiri. Sindano ikaja, ikainuliwa juu, tukapiga makofi, tukapewa. Wengi walionja kidogo na kukunja uso. Dada alimaliza glasi yake, akaomba ya pili kwa utani, akapewa, akamaliza na hiyo.

Tulipokuwa tumeshakaribia Msalato, ndege ikiwa inapita juu yetu, dada aliniinamia.

"Yule babu hakutunga uzi."

"Ametunga, mbona umepiga makofi?"

"Nimepiga kwa sababu nyie mmepiga. Lakini mimi natunga uzi kila siku ya Mungu, dada'ko. Ile sindano imekuja ina uzi tayari. Bibi kampa ikiwa imeshatungwa, kaizungusha zungusha vidoleni, kainua. Mimi nikasema labda ndiyo mchezo wenyewe."

Tulicheka. Halafu nikajikuta nimeacha kucheka na yeye bado anaendelea.

Jumapili asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule. Dada alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga, akasimama mlangoni, akapepesa macho.

"Hivi Dodoma kunakucha saa ngapi?" akauliza. "Mbona bado kuna ukungu hivi?"

Sufuria ilinitoka mkononi. Sikumwambia kwa nini. Nilimwambia avae.

Hospitali ya mjini walimwekea dripu, wakachukua damu, wakamuuliza amekunywa nini na lini. Nilieleza kila kitu. Kwenye hilo sikuficha. Daktari alikuwa kijana mpole, na aliyoniambia yalinitisha kuliko kama angenikaripia. Alisema rangi ya moto si kipimo cha kuaminika. Alisema tena kwamba kinywaji chenye sumu inayopofusha huweza kukaa mwilini hadi siku ya pili kabla macho hayajaonyesha dalili, kwa hiyo mtu kukaa kigodani kidogo na kusema yuko mzima hakumhakikishii mtu mwingine chochote. Nilifikiria makofi yetu yote ya misimu yote. Kisha akasema damu ya dada ina sukari nyingi, jambo ambalo dada mwenyewe hakulijua, na kwamba sukari ikipanda namna hiyo nayo hutia macho ukungu. Inawezekana ikawa hiyo tu. Inawezekana isiwe. Alitutuma kwa watu wa macho, Mvumi, Jumatatu asubuhi.

Mchana kutwa nilipiga simu kwa wenzangu mmoja mmoja. Nilijaribu kuuliza kama mtu asiye na haraka. "Umeamkaje? Macho je?" Wote wazima. Mmoja akanitania kwamba nimekuwa daktari. Nilikata simu nikaangalia ukuta ulio mbele yangu, nikasoma kalenda kutoka mbali, nikafumba jicho moja nikasoma, nikafumba jingine. Mimi nilikuwa nimeonja tone tu. Niliendelea kuisoma kalenda hiyo siku nzima.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye lile benchi. Watu walikuwa wengi, wazee kwa sehemu kubwa, wengine na bandeji jichoni, wengine wakiwa wameshikwa mkono na wajukuu. Niliona kwanza gauni la Bibi. Halafu nikamwona aliyekaa pembeni yake, amevaa koti lake la kwaya, fimbo nyembamba iko katikati ya magoti. Alikuwa amegeukia ukuta. Watu walipita mbele yake na uso wake haukuwafuata. Muuguzi alitoka na kumsalimu kwa sauti ya kuzoeana, "Mzee wetu, leo umekuja mapema," na yeye akatabasamu upande ambao muuguzi hakuwepo.

Nilimtazama kwa namna ambayo sikuwahi kumtazama, na kila kituko nilichowahi kuwasimulia wageni kilipita mbele yangu kikiwa na maana nyingine. Sehemu yangu moja ilitaka kuinuka na kumpeleka dada mahali pengine, hata kwenye ngazi huko nje. Nikasema, "Shikamoo mzee."

Uso ukageuka mara moja. "Marahaba, Mwandishi." Halafu furaha ikamtoka. "Unafanya nini hapa?"

"Nimemleta dada yangu."

"Yule aliyejibu kwa sauti."

"Ndiye huyo."

Bibi aliinamisha kichwa. Mpishi alipapasa benchi kama anayetafuta nafasi ya mtu kukaa. "Mimi wananiambia ni presha ya macho," akasema. "Wameniambia hivyo tangu zamani, kwamba imekuja polepole na haina uhusiano na kazi yangu. Labda. Wao wanajua macho, mimi najua nilichokunywa."

"Tangu lini huoni, mzee?"

"Mwanga ninauona. Mlango ninaujua. Nyuso ziliondoka kwanza."

"Na sisi tulikuja misimu yote hiyo."

"Mlikuja na macho," akasema. "Nilikuwa na pua yangu na macho yenu. Vilitosha."

Niliuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu jikoni. "Siku ile ulisikia harufu ya mkali ule?"

Watu wawili waliitwa ndani.

"Nilikuwa na mafua," akasema. "Ndiyo maana niliwauliza."

"Na sisi tukaitikia."

"Mkaitikia."

"Si ungemwaga! Yule mama wa wizarani alikutania tu ukamwaga ndoo nzima."

"Yule alininong'oneza," akasema. "Nyinyi mlikuwa wengi, mna furaha, mmetoka mbali. Na mimi nikafikiri, wakisema wote, watakosea wote? Nikasema nitakunywa mimi nione." Aliizungusha fimbo katikati ya magoti. "Nikakunywa. Nimekaa tangu Jumamosi najisikiliza. Sasa niambie, Mwandishi, mtu kama mimi atajuaje? Kikinipata mimi kitachukua nini? Macho yangu hayawezi kunipa jibu. Nilikuwa nasubiri nisikie kwa mmoja wenu, na nilikuwa naomba nisisikie."

Dada, ambaye tangu tuingie hakuwa amefanya utani wowote, akasema, "Babu, mimi naendelea vizuri."

"Usiniambie unachofikiri," akasema Mpishi. "Njoo hapa."

Dada alisogea. Mimi nilitaka kusogea naye, Bibi akanishika nguo. Dada aliinama, akaweka mdomo wake kwenye sikio la mzee, akanong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu kuliko mtu anayetaja rangi. Mpishi hakutikisa kichwa kukubali, wala hakukataa. Dada alipomaliza, Mpishi alimshika kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya vidole vyake, kwenye ncha, pale ambapo sindano imemtoboa miaka yote, kimoja baada ya kingine.

"Sitapika tena," akasema. Kisha akaitwa ndani.

Nilimuuliza dada amemwambia nini. "Nimemwambia ninachokiona," akasema, na mpaka leo hajaongeza.

Madaktari walimtibu sukari, na ukungu ukapungua. Walisema arudi, amerudi, wamesema arudi tena. Amefungua duka lake. Nimempigia simu nikasikia cherehani ikienda. Lakini msichana anayemsaidia dukani ameniambia kwamba kumalizia kwa mkono sasa ni kazi yake yeye, na kwamba kila asubuhi anakuta sindano za dada zimepangwa kwenye mto, zote zikiwa zimeshatungwa uzi, na hajui ni nani anayezitunga.

Makutupora nimekwenda mara moja tu baada ya hapo. Chungu cha shaba kimegeuzwa chini juu, ule waya bado upo, na Mpishi alikuwa amelala. Bibi hakutaka kumwamsha, nami sikusisitiza. Alinipa chupa. Alisema ni ya chombo kile cha Jumamosi ile, ndiyo pekee iliyobaki, na mzee ameagiza nipewe mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye kuuliza.

Ilikaa kabatini hadi dada alipokuja kwa ajili ya kliniki. Siku hiyo nilimimina kidogo kwenye kijiko, uani, mchana kweupe, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kujifungia naye gizani. Nilipiga kiberiti nikakisogeza. Nikamwita. Nikamwambia asiseme kwa sauti.

Aliinama, akakitazama kijiko kwa muda, akaja sikioni kwangu.

"Hakijawaka," akanong'ona.

Mkono wangu ulikuwa unaungua kwa joto. Nilitazama pale alipotazama, kwenye lile jua la Dodoma linalofuta kila kitu, nikapepesa, nikatazama tena. Na mimi pia sikuuona moto.